Mpaka wa Shibe

Mama mkwe wangu alikuwa anajifunga khanga nikaona upindo umepita ubavu, umepita kiuno, umekwenda kuishia mgongoni. Mwaka uliopita khanga hiyo hiyo ilikuwa inakutana kwa kuvutwa.

"Mama, umepungua," nikamwambia.

"Khanga imetanuka. Pamba ya siku hizi haina maana."

Bi Nyamizi hakosi jibu. Tangu niolewe na mwanawe Idrisa sijawahi kumshinda kwa maneno, na mji mzima wa Miombo Mitatu unanijua mimi, Mwavita, kwa mdomo wangu. Idrisa mwenyewe alikuwa safarini kuchimba visima upande wa Sikonge, kwa hiyo ubishi wote wa nyumba ile tulikuwa tunaumaliza wawili. Nikamwomba alale mkekani nimsome kisikizi. Akalala, akatazama dari, akaanza kuimba taratibu kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Kisikizi hukaa chini ya ngozi, pembeni kidogo ya kitovu, mahali ambapo mafuta ya mwili hupenda kujikusanya. Ukikibonyeza kinawaka taa inayoonekana kupitia ngozi. Kijani maana yake akiba inatosha. Nyekundu maana yake akiba imefika ukingoni. Cha Bi Nyamizi kiliwaka kijani, tena kijani safi.

"Umeona?" akasema. "Mzima mimi. Niinue."

Sikumwinua. Taa ni ya mwenye mwili, fundi husoma namba. Nikaweka kisomeo changu juu ya ngozi, na namba zilipotokea nikajikuta nazisoma mara ya pili, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Watu wengi hudhani mafuta ya mwili ni gunia tu: unaweka, unatoa, lenyewe limekaa kimya. Si kweli. Mafuta yanasema. Yanatoa protini zinazoingia kwenye damu na kusafiri mpaka kwenye ubongo kupeleka habari za ghala. Moja ni leptini. Mafuta yakiwa mengi leptini inakuwa nyingi, na ubongo unaelewa kwamba ghala limejaa, hakuna haraka ya kula. Mafuta yakipungua leptini nayo inashuka, na ubongo unapiga kelele. Kelele hiyo ndiyo njaa. Protini nyingine ni adiponektini, na hiyo ina tabia ya kinyume: mtu anaponenepa inapungua, anapokonda inapanda.

Kisikizi kilitengenezwa kuingilia mazungumzo hayo. Miaka ya ukame iliporefuka na chakula kikawa cha mgao, watu walikuwa wanapigana ghalani, mtu na jirani yake, mtu na ndugu yake. Chakula kilitosha kumweka mtu hai, hakikutosha kumfanya atulie. Ndipo kikaja kisikizi: leptini ya mtu ikishuka, chenyewe kinadondosha leptini ya kutengenezwa, kidogo kidogo, na ubongo unabaki na amani. Mji ukatulia. Watu wakaanza kula kidogo, kushukuru na kwenda zao. Tulibaki na njaa sisi mafundi wa kituo cha visikizi tu, maana hatuwekewi, ili pawe na watu wa kulinganisha nao. Ndiyo sababu Miombo Mitatu nzima wenye hasira ni sisi.

Bila shaka kisikizi hakiachiwi kimdanganye mtu mpaka kaburini. Kila kimoja kina mpaka. Mafuta yakifika hapo kinaacha kudondosha, njaa inarudi kwa nguvu, taa inakuwa nyekundu, na mtu anaongezewa mgao. Leptini ya Bi Nyamizi mwenyewe, ukiondoa ile ya kutengenezwa, ilikuwa karibu haipo. Adiponektini yake ilikuwa juu kuliko nilivyowahi kuona kwa mtu anayetembea. Na kisikizi chake kilikuwa bado kinadondosha, kinauambia ubongo wake kwamba ghala limejaa.

"Mbona umenuna?" akaniuliza.

"Sijanuna, mama. Ninasoma."

"Basi soma huku unatabasamu," akacheka, "maana umenuna kama mtu aliyenyimwa."

*

Dakta Mayunga, mkuu wa kituo chetu, ni mtu mpole kiasi cha kuudhi. Ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza kwanza kama umekaa vizuri. Alizitazama zile namba, akavua miwani, akaivaa tena.

"Adiponektini hupanda uzeeni, Mwavita. Unalijua hilo."

"Nalijua, Dakta. Lakini mifupa ya mabega haipandi uzeeni. Ya mama imepanda."

"Kisikizi ni kizima?"

"Kizima. Kinafanya kile kilichofundishwa."

Tulikaa na kufungua namba za mji, mtaa kwa mtaa. Wengi walikuwa salama. Mzee Pazi, ambaye hata msibani huomba aongezewe nyama kabla maiti haijatoka, alikuwa na akiba nzuri na mpaka wake uko juu. Vijana wa karakana, salama. Lakini hapa na pale palikuwa na mtu kama mama, taa ya kijani na ghala tupu. Mwadhini wetu mzee. Mwalimu mstaafu wa chuo cha ushonaji. Bi Kalunde wa mtaa wa pili, shoga wa mama mkwe wangu tangu utoto, ambaye namba zake zilikuwa mbaya kuliko za wote.

"Wana nini hawa?" Mayunga akauliza. "Si mtaa mmoja, si ukoo mmoja, si ugonjwa mmoja."

"Ni watu wazuri," nikasema. "Hicho tu. Wasio na haya wote ni wazima."

Akatabasamu kwa sababu alidhani natania, na mimi nilidhani hivyo hivyo.

"Kamwombe mama idhini," akasema. "Ukizime siku moja. Njaa ikirudi atatuambia iko wapi, nasi tutausogeza mpaka. Lakini kwa idhini, Mwavita. Njaa ni maumivu. Hatumtii mtu maumivu bila yeye mwenyewe kukubali."

*

Nilimkuta uani anachambua michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, vizuri upande huu, vilivyoliwa na wadudu upande ule. Nikakaa karibu yake, nikasaidia kuchambua, nikaeleza kila kitu. Hakunikatiza.

"Nikikataa je?" akauliza nilipomaliza.

"Ukikataa siruhusiwi kukigusa."

"Basi nimekataa, mwanangu."

"Mama, unakufa!" Nilisema hivyo, kwa sauti. Sikuipanga. Wajukuu waliokuwa wanacheza upenuni wakanyamaza, naye akawapungia mkono waendelee.

"Kila mtu anakufa. Mimi nakufa bila kuumwa. Wewe unaijua njaa ya kituoni, ya kukosa chai ya saa nne. Mimi naijua nyingine." Akashika kipande cha mchembe, akakigeuzageuza. "Ukame wa kwanza Idrisa alikuwa mdogo. Nilikuwa namkatia tonge langu nampa. Watu wakisema, Nyamizi ana moyo. Hawakujua. Mkono unatoa, na jicho linalifuata lile tonge mpaka kinywani mwa mtoto. Mwanangu wa kumzaa, nikamwonea kijicho kwa tonge la ugali. Halafu nikienda kulala najichukia."

Niliweka chini mchembe niliokuwa nao.

"Tangu mniwekee hiki," akagusa kando ya kitovu chake, "natoa na jicho halifuati. Anakuja jirani nampa, wanakuja wajukuu nawapa, nami nimekaa na furaha yangu. Unataka unirudishie lile jicho? Uzeeni?"

Aliinuka na kapu lake akaingia ndani. Alipojilaza mchana huo nilikwenda mlangoni kumtazama. Alilala chali, mdomo wazi kidogo, na kisomeo kilikuwa mfukoni mwangu. Kuzima si kazi. Unakiweka juu ya ngozi, unabonyeza, mtu haamki. Nilifika mpaka kitandani. Nilimpenda mwanamke yule na nilitamani kumtikisa mpaka meno yagongane, vyote kwa wakati mmoja. Lakini niliona angeamka na njaa asiyojua imetoka wapi, angeniuliza, ningemdanganya, na siku hiyo ningekuwa sina tofauti na kile kidude. Nikarudi jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

*

Mayunga alikuja siku iliyofuata, adhuhuri, baada ya kuzunguka mitaani tangu asubuhi. Alitaka kuongea na mama mwenyewe. Alipiga hodi, akaamkia, akaulizwa habari za mkewe na za wazazi wake na za ng'ombe wa wazazi wake, na kabla hajafika kwenye lililomleta, mama alikwishatandika mkeka. Mgeni hajadili jambo na tumbo tupu katika nyumba ya Bi Nyamizi.

Palikuwa na ugali wa mtama, mlenda uliotiwa karanga, na matobolwa kidogo, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Chakula chenyewe hakikuwa kingi, na Mayunga aliliona hilo kama nilivyoliona mimi. Akanawa. Akala tonge, akasifu mlenda. Akala la pili, la tatu, kisha akarudisha mkono, akausogeza ugali kando.

"Mbona umeacha, baba? Umeshiba?"

"Nimeshiba kabisa, mama. Nashukuru sana. Mlenda mtamu."

Hapo tumbo lake likanguruma. Halikunguruma kidogo. Lilianza chini, likapanda, likakaa, likamalizia kwa mlio mwembamba kama bawaba ya mlango. Bi Nyamizi, mtu wa adabu zake, akageuka kumtazama kuku aliyekuwa anapita mlangoni, kana kwamba kuku ndiye aliyenguruma. Mimi nilijiuma mdomo nisicheke.

Mayunga hakucheka. Alikuwa ametulia na mkono wake mchafu hewani, anautazama ugali.

"Mwavita," akasema taratibu. "Ile wiki ya maswali, kabla visikizi havijaanza kudondosha. Tuliwauliza wapi watu?"

"Majumbani mwao."

"Wakati gani?"

"Wakila. Tulikuwa tunakwenda na kisomeo, tunakaa nao, wakimaliza tunawauliza kama wameshiba, kisomeo kinapiga namba za mafuta yao pale pale na kuweka pamoja na jibu. Ndivyo kila kisikizi kilivyopata mpaka wake."

"Tunakaa nao," akarudia. "Tukiwa nani?"

Kicheko kiliniisha. "Tukiwa wageni."

Yeyote aliyelelewa upande huu anajua mtu hujibu nini mbele ya mgeni. Hata kama ulilala na maji ya chumvi, hata kama sufuria haijaona moto, ukiulizwa mbele ya mgeni umeshiba, na unashukuru. Mtoto anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuoga. Tulipita mji mzima tukiuliza swali lenye jibu moja, na mashine, ambayo haijalelewa na mtu, ikaamini. Ikashika kwamba mwili wa Bi Nyamizi ukiwa mtupu vile, kama ukame ulivyokuwa umeuacha wiki ile, ndio umeshiba. Mzee Pazi na wenzake wasio na haya tu ndio waliosema bado, na ndio waliopona.

"Tena mimi sina hata kisikizi," Mayunga akasema, kama anayejisemea. "Tangu alfajiri sijala. Na nimesema nimeshiba kabla hata sijafikiri."

"Mnasemezana nini?" mama akauliza. "Baba, kama hujashiba, kula. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mayunga akamweleza. Alimweleza vizuri, bila kumfanya mtoto, na nilimshukuru kimoyomoyo. Alimwambia kwamba mipaka ilipimwa kwa majibu yasiyo ya kweli, na kwamba itabidi watu waulizwe upya. Lakini mwenye kisikizi akiulizwa sasa atasema hana njaa, na atakuwa anasema kweli, kwa sababu haisikii. Lazima kwanza kizimwe. Na kila mmoja akubali mwenyewe.

"Wako wengi wenye namba kama zangu?"

"Wako, mama."

"Kalunde?"

Mayunga akanitazama. Nikasema mimi. "Bi Kalunde zaidi, mama. Yeye amebakiza kidogo sana."

Bi Nyamizi akaanza kukusanya vyombo, akaviacha. Wiki ile Bi Kalunde hakuwa ametoka nje. Ukienda kumjulia hali anakwambia haumwi, ana usingizi tu.

"Kalunde hatasema," akasema mwishowe. "Hata mkimzimia. Mimi na yeye tulilelewa na bibi mmoja. Siku moja Kalunde alikitazama chungu cha watu, akitazama tu, bibi akamchapa mbele ya wenye chungu. Yule atakufa na 'nimeshiba' mdomoni." Akanigeukia. Kisha akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo: "Lile jicho nililokwambia. Litarudi?"

Ningeweza kumpunguzia. "Litarudi, mama. Na litarudi kali, kwa sababu mwili utajua kwa mara moja jinsi ulivyo mtupu."

"Basi zima. Kesho. Na Kalunde aletwe ale hapa kwangu."

"Mama, si lazima uwe wewe," Mayunga akasema. "Tunaweza kuanza na mtu mwenye nguvu zaidi."

"Nani? Pazi?" Akamtazama kwa huruma. "Pazi akisema ana njaa, nani atashtuka?"

*

Nilikizima asubuhi. Alinishika kifundo cha mkono wakati nabonyeza, akanishika kwa nguvu, kisha akaniachia akasema mbona haoni kitu. Akaenda kufagia ua. Jua lilipopanda nilimwona ameegemea ufagio. Baadaye kidogo alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, mikono tumboni, anatazama moto.

"Inakuja?" nikamuuliza.

"Inakuja." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Pika polepole, usiniharakishie. Kalunde bado hajafika."

Bi Kalunde aliletwa na wajukuu zake, mmoja kila upande, akaketishwa juu ya mto. Alikuwa mwepesi, uso umetulia, anatabasamu kwa kila mtu. Nimewahi kuona wagonjwa wengi, na hakuna aliyenitisha kama yule bibi mwenye furaha. Mayunga alikaa mwisho wa mkeka na kisomeo mapajani. Nikaweka chakula.

Mama akapakua. Kwanza mgeni. Kisha akamkatia Kalunde, fungu kubwa, na nikaliona lile alilonisimulia: mkono ulisukuma sahani, na macho yakaifuata mpaka ikatua mbele ya mwenzake, yakashindwa kutoka. Mashavu yalimcheza. Akajilazimisha, akageukia sahani yake, akala. Alikula ovyo, kwa haraka, mlenda ukamdondokea kidevuni, mwanamke ambaye sijawahi kuona punje imebaki kidoleni mwake. Sahani ikaisha. Nilitaka kuangalia pembeni nimwachie heshima yake, nikaona kwamba leo heshima ni kumtazama.

Bi Kalunde alikuwa ameonja mara moja na kuacha. "Nimeshiba mie," akasema kwa upole kabla hajaulizwa.

Mayunga akainua kisomeo. "Mama Nyamizi. Umeshiba?"

Midomo yake ilianza kufanya lile neno. Niliiona ikijiandaa, yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile. Ikasimama. Akamtazama Kalunde.

"Bado," akasema.

"Nyamizi!" Bi Kalunde alishtuka, akashika kifua. "Mbele ya mgeni!"

"Mbele ya mgeni. Bado sijashiba. Nina njaa, Kalunde, nina njaa inaniuma mpaka mgongoni, na hicho ulichokiacha nakitamani." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mwavita, niongeze. Nisongee mwingine kama umeisha. Leo sitosheki."

Kisomeo kikalia, kikapokea jibu. Nikamwongeza chote kilichobaki chunguni, na akala, huku analia, huku anatafuna.

Bi Kalunde alimtazama muda mrefu. Tabasamu lake lilikuwa limeondoka, na bila hilo uso wake ulionekana ulivyokuwa kweli, ngozi na mfupa. Alitupa jicho kwa Mayunga, akatupa mlangoni kama anayehofia kuna mtu anasikia. Kisha akanyoosha mkono akanishika kidole, akauvuta mkono wangu mpaka kando ya kitovu chake, kwenye kile kidude.

"Na changu," akasema. "Zima."